Dohani ya Behewa la Mwisho

Geti la Mosshead, Jumatatu, 3 Oktoba

Kwako Netta, mwanangu mpenzi. Mama yako mzima, goti tu ndilo linalonisumbua ukungu ukishuka. Nisalimie Gavin mume wako, mwambie soksi moja tayari na ya pili iko kwenye sindano, asivae moja akasubiri. Nisalimie Elspeth mjukuu wangu, nasikia siku hizi anasoma, basi akusomee haya pale macho yako yatakapochoka. Nisalimie Colin, mbusu kwenye mkunjo wa shingo kama bado upo. Nisalimie mama mkwe wako Bi Tulloch na kikohozi chake. Na huyo aliye tumboni msalimie pia, mwambie asiwe na haraka, baridi ya Kanada naisikia mpaka huku. Jean Mutch wa shamba la juu anakusalimu. Paka anakusalimu. Kuku wanakusalimu, ila yule mwekundu alichukuliwa na mbweha.

Ndugu yako Murdo siwezi kukuletea salamu zake, maana hatusemeshani. Ndiyo sababu nimeshika kalamu, na unajua mimi na kalamu. Mambo hayatatosha kwenye barua moja, kwa hiyo nitaandika kidogo kidogo siku nitakazopata nafasi, nikimaliza nitazituma zote pamoja.

Treni ya abiria ilisimama majira ya kuchipua, hilo unalijua. Nilidhani geti litapumzika na mimi nitapumzika. Kumbe kuna kampuni imenunua reli yetu kama chuma chakavu. Wameanza kung'oa kule juu Kirkdorran, mwisho wa njia, na wanashuka kuja huku. Kila asubuhi treni yao inapanda tupu kupita mlangoni kwangu, na jioni inashuka imebeba reli. Sasa kwa kuwa treni inapita, geti la pale reli inapokata barabara lazima lifunguliwe, na mfunguaji ni mimi. Injini si zile zetu za zamani, ni ya mafuta, fupi kama kiatu, inanuka kama taa iliyomwagika. Asubuhi inasukuma kutoka nyuma na behewa la gadi linatangulia. Jioni inavuta, na behewa la gadi linakuja mwisho.

Na ndani ya behewa hilo la gadi, Netta, amekaa ndugu yako.


Jumanne, 4 Oktoba

Mvua. Nilifungua, nikafunga. Hakunitazama.


Alhamisi, 6 Oktoba

Nikuambie tulivyogombana. Ofisi ya reli ilipowaachisha vijana wote kazi, nilijua Murdo atakwenda mbali kama wenzake, nikajikaza. Halafu akaja siku moja, akakaa hapa mezani, akaniambia amepata kazi kwenye kampuni ya kung'oa. Alisema kama mtu anayesema kesho kutanyesha.

Nikamwambia, "Reli hii baba yako ameitembea kwa miguu miaka thelathini akigonga kila msumari. Kifua chake kiliharibikia humo mpaka kikampeleka kaburini. Leo wewe ndiye wa kuing'oa?"

Akasema, "Itang'olewa tu, mama, niwepo nisiwepo."

"Basi ing'olewe usipokuwepo! Na mlango huu usiukanyage mkono wako ukinuka chuma cha baba yako."

Akachukua kofia. Amepanga chumba kwa Bi Leckie, kule Invercairn njia panda, na hajakanyaga hapa tangu siku hiyo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Lakini tatizo langu unalijua, wewe umekulia getini. Treni ikipita, mtunza geti haruhusiwi kugeuza uso mpaka aione taa nyekundu ya behewa la mwisho, ili ajue treni imepita nzima na hakuna behewa lililokatika likabaki njiani. Baba yako alinifundisha hilo kabla hajanifundisha kupika samaki anavyopenda yeye. Ningeweza kuikasirikia treni yote na kutazama kuku. Ila taa imetundikwa kwenye behewa la Murdo. Kwa hiyo kila jioni lazima nimtazame mwanangu mpaka apotee kwenye kona ya kuelekea Tillybrae. Sheria ni sheria.


Jumatatu, 10 Oktoba

Nilikwenda kuvuna viazi kwa akina Mutch, katikati ya treni ya kwenda na ya kurudi. Mgongo umekuwa mbao. Jean alinichokoza mbele ya watu wote.

"Mama Netta, unainuka kila mara kutazama reli. Unatafuta treni ya kwenda wapi, London?"

"Natazama hali ya hewa."

"Hali ya hewa iko juu, mama. Wewe unatazama chini bondeni."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje.


Jumatano, 12 Oktoba

Leo nimefurahi kidogo. Nilipokwenda kufunga geti asubuhi nilikuta bonge la makaa ya mawe kwenye majani, kubwa kama kichwa cha ng'ombe. Unaikumbuka ile desturi? Dereva akipita kwenye nyumba ya geti hupiga teke bonge moja likaanguka, na hakuna ofisi iliyowahi kuuliza. Tangu treni zisimame nilikuwa natumia makaa kwa kijiko. Moto nauwasha jioni tu, mchana natembea na koti ndani ya nyumba kama mgeni anayetaka kuondoka.

Dereva ni Tam Birnie, yule mwenye masikio makubwa aliyekuwa akikupa peremende. Jioni nikamwinulia mkono kumshukuru. Akainua wake. Mtu mwema. Wengine wote wamesahau desturi.


Alhamisi, 13 Oktoba

Bonge jingine.


Jumatano, 19 Oktoba

Mumewe Jean alipanda mpaka Kirkdorran kununua mataruma, zile mbao zinazolazwa chini ya reli, atengenezee uzio. Anasema jukwaa limebaki peke yake nyasini kama meza iliyosahauliwa nje. Jengo la abiria limevunjwa milango. Nilimuuliza kuhusu yale mawaridi ya mkuu wa stesheni, yaliyoshinda tuzo mwaka ule mlipokwenda na shule. Akasema, "Mawaridi gani? Kuna kondoo." Mimi nakumbuka harufu yake ikiingia dirishani kabla breki hazijashika.


Jumanne, 25 Oktoba

Jalidi ya kwanza, umande umeganda. Nyasi zimesimama kama sindano. Leo nimeona kitu kikaniudhi mpaka nikazungumza peke yangu. Behewa la gadi lina jiko dogo na dohani inatoka paani, unakumbuka tulivyokuwa tukiona moshi wake kabla ya kuliona behewa. Dohani ya Murdo haitoi moshi. Nikajaribu kukumbuka siku zilizopita, na sikukumbuka kuuona hata mara moja. Amekaa pale kwenye kibaraza cha behewa kola imesimama, kama jogoo aliyenyeshewa.

Makaa ya kuwashia wanapewa, hilo najua. Ni uvivu tu. Au ni ukaidi, anataka nimwone anavyoteseka nimwonee huruma. Simwonei.


Ijumaa, 28 Oktoba

Bado hakuna moshi. Mtoto aliyezaliwa kwenye nyumba ya getini hajui kuwasha jiko?


Jumanne, 1 Novemba

Nimeoka skonzi. Nikaweka kwenye mkebe wa buluu juu ya nguzo ya geti, nikamwambia Tam kwa sauti, kila mtu asikie, "Hizi ni za dereva, kwa ajili ya makaa!" Kelele za injini ni nyingi, sijui alisikia nini, alicheka tu akauchukua.

Jioni mkebe ulikuwa juu ya nguzo, mtupu, umeoshwa na kukaushwa. Nimekaa nao hapa mezani naufikiria. Tam Birnie namjua miaka ishirini. Mkewe anasema hajawahi kuosha hata kijiko.


Jumanne, 8 Novemba

Wamemaliza Auchlee. Najua hata nisipoambiwa, kwa sababu treni inarudi mapema. Zamani ilikuwa ikishuka giza likiingia. Sasa inashuka kuku hawajarudi bandani. Kila wiki njia inakuwa fupi, na mimi ndiye mwisho wake.

Nitakuambia kitu ambacho Jean simwambii. Mwezi uliopita niliichukia treni hii. Sasa ikipita asubuhi nabaki nasikiliza mpaka irudi. Ikiisha, nani atapita hapa? Barabara hii ina kondoo na mtu wa posta.


Ijumaa, 11 Novemba

Leo ni siku ya watu wa mashambani kuhama na kubadilisha waajiri, mikokoteni na matrekta yamepita yamebeba vitanda. Nilisimamisha familia moja getini nikisubiri treni. Mwanamke alikuwa amekaa juu ya godoro na saa ya ukutani mapajani. Akaniuliza, "Kwani bado kuna treni, mama?" Nikamwambia ipo, kidogo.

Treni ilipopita polepole nikasikia kikohozi. Kikavu, mara tatu, halafu kimya, halafu mara moja tena. Netta, mwanangu, kile ni kikohozi cha baba yako. Nilishikilia geti kwa mikono miwili.

Dohani haina moshi.


Jumamosi, 12 Novemba

Sikulala.


Alhamisi, 17 Novemba

Jean alikuja kuomba hamira. Haombi hamira, ana hamira.

"Mama Netta, mwite mtoto."

"Njia anaijua."

"Umemfungia mlango wewe, halafu unataka aingie kwa dirisha?"

"Aombe radhi kwa baba yake."

"Wull mumeo amelala kaburini, hana habari na vyuma. Angekuwa hai angemuuliza kijana kama amekula." Akasimama mlangoni akifunga kitambaa. "Wewe na Murdo ni kichwa kimoja kilichokatwa vipande viwili."

Alipoondoka nikaona amesahau hamira. Nikakasirika, halafu nikafikiri maneno yake, nikakasirika zaidi.

Wanang'oa Craigwhin sasa. Pale ndipo lilipokuwa benchi ambalo baba yako alinikuta nimekaa na kikapu cha bata nikamwambia treni imechelewa, akatoa saa akasema, "Haijachelewa, wewe umewahi." Benchi sijui limekwenda wapi. Kuanzia Craigwhin mpaka hapa hakuna stesheni nyingine. Ni mimi.


Jumatano, 23 Novemba

Theluji imeanguka tangu Jumapili usiku. Jumatatu na jana treni haikuja. Leo imekuja, na nitaandika yote hata mkono ukiuma.

Asubuhi nilisikia honi, nikatoka na bendera. Behewa la gadi lilitokea kwenye ukungu na jambo la kwanza nililoliona ni moshi. Moshi mzuri, mzito, unapanda wima. Moyo wangu ukasema, hatimaye! Behewa likapita. Mtu aliyekaa ndani ni mzee nisiyemjua, amenyoosha miguu, uso mwekundu kwa joto.

Treni ikapita yote nami nimesimama tu. Nikaenda kufunga geti. Nikatazama majani pale ukutani, mahali pake pa kila siku. Hakuna bonge. Theluji safi, haijaguswa.

Jioni nilifanya kitu ambacho sijawahi kufanya. Sikufungua geti. Tam akapiga honi, akapiga tena, akasimamisha injini mbele ya pua yangu, akatoa kichwa na masikio yake.

"Bi Effie! Umeganda?"

"Murdo yuko wapi?"

Akavua kofia, akaivaa tena. "Alinikataza nisikwambie."

"Tam Birnie, geti hili halifunguki mpaka Pasaka."

"Yuko kitandani kwa Bi Leckie. Kifua. Tangu Jumapili. Daktari amekuja, usiogope, hajasema neno baya."

"Hajasema neno zuri pia?"

Akageukia breki zake. Nikiwa na hofu huwa nasema mambo ya kijinga, unanijua, nikasema, "Na leo hukunirushia makaa."

"Makaa gani, bibi?"

"Makaa unayonirushia kila asubuhi. Nimekushukuru mwezi mzima."

Akanitazama kama ninavyomtazama Colin kwenye picha. Kisha akapiga ubavu wa injini kwa kofi. "Bi Effie, hii inakunywa mafuta. Ukitaka tone la mafuta nitakupa. Makaa sijayagusa tangu waliponinyang'anya injini yangu ya kweli. Nilidhani unanipungia mkono kwa sababu unanipenda."

Netta, mama yako ni mjinga. Injini ya mafuta! Mimi mwenyewe nilikuandikia kwamba ni ya mafuta, inanuka. Miaka ishirini bonge likianguka getini namshukuru dereva, basi nikamshukuru dereva. Kwenye treni ile nzima makaa yapo mahali pamoja tu, ndani ya ndoo, kando ya jiko la behewa la gadi. Fungu la siku la mtu mmoja.

Nikatazama nyuma kule, dohani inafuka kwa ajili ya yule mzee. Nikafungua geti. Nikatazama taa nyekundu mpaka mwisho kama sheria inavyotaka, ila sikuiona vizuri.


Alhamisi, 24 Novemba

Barabara imefungwa na theluji na basi halipiti. Treni ilipopanda nilimwambia Tam, "Jioni nakwenda na wewe."

"Abiria hawaruhusiwi, Bi Effie. Sheria."

Halafu akafikiri. "Ingawa sheria yenyewe imeshang'olewa mpaka Craigwhin."

Jean akaja kushika geti. Nilimwonyesha bendera mara tatu, akasema, "Mama, nimezalisha ng'ombe gizani, nitashindwa na mlango?" Nikafunga skonzi, shati la flana la Wull, na mafuta ya kusugua kifua. Yule mzee wa ndani ya behewa akanipa kiti chake karibu na jiko, akakaa juu ya ndoo.

Sikuwa nimepanda treni tangu siku zile za mwisho za treni ya abiria. Ilikwenda mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza. Baadaye nikahamia kule nyuma kibarazani alikokuwa akikaa ndugu yako, nikaona njia ikitoka chini ya miguu yangu na kurudi nyumbani. Tillybrae. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa mawe meupe kwenye mteremko, unakumbuka mlivyokuwa mkiyahesabu? Theluji imelala juu ya kilima, lakini mawe bado yameinuka chini yake, unaweza kulisoma jina kama uso chini ya shuka. Pale jukwaani ndipo mlipokuwa mkishuka kwenda shule, Murdo akikuvuta mkoba. Dirisha la tiketi limepigiliwa mbao. Mtu amefunga farasi kwenye chumba cha abiria, naye farasi akatoa kichwa akatutazama tukipita kama mkuu wa stesheni.

Drumfettle saa ya stesheni imeondolewa, imebaki duara ya rangi safi ukutani. Hapo ndipo nilipokusindikiza ulipokwenda Kanada. Hukutaka nije mpaka bandarini, ulisema nitalia. Nilikuambia sitalia, na sikulia, mpaka taa ya mkia ilipopita. Nikageuka kumtafuta mtu wa kushikana naye mkono. Baba yako alikuwa amekwenda kukagua msumari. Alikagua msumari ule muda mrefu sana.

Nilifikiri haya yote nikajiona mjinga tena. Nilikuwa namkasirikia Murdo kwa kung'oa chuma, kana kwamba stesheni ni chuma.

Invercairn, kwa Bi Leckie, nilipanda ngazi bila kusubiri goti. Alikuwa amelala upande, amekonda, ndevu zimeota. Akafungua jicho moja.

"Nani yuko getini?"

Hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu ngano ilipokuwa mbichi.

"Jean Mutch."

"Mungu wangu. Atawafungia ng'ombe upande wa reli."

Nikakaa kitandani. Nikamvua shati, nikamsugua kifua kama alipokuwa mdogo, na alikubali, hivyo nikajua anaumwa kweli. Nikasema, "Makaa."

"Makaa gani?"

"Murdo."

Akageuza uso ukutani. Baadaye akasema, kwa ukuta wala si kwangu, "Asubuhi ile ya kwanza nilipopita, dohani ya nyumba haikuwa na moshi. Siku ya pili pia. Nyumba ya getini, asubuhi, haina moshi. Nilidhani umekufa, mpaka nilipokuona na bendera. Nikaona, kumbe huna kitu cha kuwasha."

"Nilikuwa nabana! Nawasha jioni!"

"Mimi ningejuaje? Ulinikataza nisiingie kuuliza."

"Nilikukataza usiingie mkono ukinuka chuma."

"Mama, nashika chuma kutwa. Ningeuacha wapi mkono?"

Nikaanza kucheka, naye akacheka, akakohoa, nikaogopa, nikamwambia aache kucheka, akacheka zaidi. Bi Leckie akabisha hodi kuuliza kama tunapigana.

Nilipompa uji nikamuuliza lile lililobaki. Kwa nini kazi hii, kati ya kazi zote za dunia.

Akasema, "Zilikuwepo mbili. Nyingine kiwandani, Uingereza. Hii ilikuwa inapita mlangoni kwako mara mbili kwa siku."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, husema watu. Hawasemi kitu kuhusu uchungu wa mama aujuao mwana.


Jumapili, 27 Novemba

Homa imeshuka. Amekula yai. Daktari amesema neno zuri, nimelisikia kwa masikio yangu. Kesho narudi getini. Jean ametuma salamu kupitia Tam kwamba ng'ombe wote wako upande unaofaa.


Alhamisi, 1 Desemba

Amerudi behewani. Nimemwapisha kwamba jiko litawaka. Moshi umeonekana.


Jumatatu, 5 Desemba

Leo wamefika mlangoni. Treni ilipanda ikasimama hapa hapa, haina pa kwenda zaidi. Upande wa Craigwhin ni njia ya mawe tupu yenye theluji. Msimamizi, mtu wa mjini mwenye tumbo la pipa, akataka kuvunja geti kwa nyundo ili wapate nafasi.

Murdo akamwambia, "Geti hili lina mwenyewe. Subiri." Akaja mlangoni, akavua glavu, akanawa mikono kwenye ndoo ya nje, maji yana barafu, akaninyooshea nizinuse.

"Bado zinanuka," nikamwambia. "Ingia ule."

Walikula wote, hata yule mwenye tumbo. Baadaye nikatoka nikafungua geti kwa mikono yangu, nikalifunga kamba lisirudi. Waling'oa reli za mlangoni kwangu. Zilipotoka zililia kama mlango wa zamani. Murdo alimwomba mwenzake nyundo, akatoa msumari mmoja mwenyewe, ule wa karibu na ngazi, ambao baba yako alikuwa akiugonga wa mwisho kila jioni kabla ya kuvua viatu. Akanipa. Ni mzito kuliko nilivyofikiri.


Ijumaa, 9 Desemba

Netta, hii ni ya mwisho, kesho posta anapita.

Leo treni imeondoka hapa. Haitafika tena mlangoni, kuanzia Jumatatu wanang'oa kushuka Tillybrae na kuendelea chini, na wakimaliza kampuni inakwenda kwenye njia nyingine kule kusini, na Murdo naye. Amesema atakuja kula mwaka mpya, atatembea juu ya mawe kutoka Tillybrae. Baada ya hapo atakwenda. Nyumba wameniachia, hakuna mwingine anayeitaka. Nimemwambia nitakaa salama. Nimekuambia na wewe. Nikisema mara nyingi huenda nikazoea.

Nilisimama na bendera kando ya injini, chini kidogo ya geti, maana mlangoni hakuna reli tena. Hakuna gari lililosubiri, barabara ilikuwa nyeupe tupu, lakini nilisimama. Tam akapiga honi ndefu, wala hakuna sheria inayomtaka apige hapo. Mabehewa yakapita na reli zetu zimelala juu yake kama kuni. La mwisho likapita. Ndugu yako alikuwa amesimama kibarazani, hakupunga mkono, alikuwa ananyoosha shingo kutazama juu ya kichwa changu. Nikajua anatazama nini. Nilikuwa nimewasha moto tangu alfajiri, makaa mengi, bila kubana.

Taa nyekundu ikapotea kwenye kona. Moshi wake ulibaki juu ya miti kwa muda, ukawa unakwenda, unakwenda. Niliutazama mpaka haukuwepo, kisha nikalifunga geti.

Sasa naomba kwako, mwanangu. Usiandike tena jina la stesheni kwenye bahasha, barua itapotea, andika Mosshead tu, posta ananijua. Niandikie upesi, hata mstari mmoja. Niambie mtoto ni nani. Na toka nje ya nyumba yako asubuhi, simama mbali kidogo, utazame paa, halafu uniambie kama kuna moshi.

Mama yako,
Effie